Jina lipo kwenye kibao, mwenyewe hayupo: barua ya wazi kwa Jiji la Dar es Salaam

Kwa Mstahiki Meya wa Jiji la Dar es Salaam, Mkurugenzi wa Jiji, waheshimiwa madiwani, na ndugu zetu wa TARURA na TANROADS, wakala za barabara, mnaochimbia nguzo za vibao.

Mlionizidi umri, shikamooni. Wengine, habari za kazi.

Barua hii haina mashimo. Haina foleni, wala maji yanayotuama Mnazi Mmoja mvua ikinyesha nusu saa. Hayo mnayo mezani, na wanaoyaandika ni wengi kuliko mimi. Mimi nimekuja na kibao kimoja tu cha barabara, chenye maneno matatu: Bibi Titi Mohamed.

Jumamosi moja nilimpeleka mtoto wa dada yangu Maktaba Kuu ya Taifa akaandikishwe uanachama. Yuko darasa la sita, umri ule wa kusoma kila kilichoandikwa: matangazo ya waganga kwenye nguzo za umeme, maneno ya nyuma ya daladala, vifuniko vya chupa. Tulipotoka tukasimama kando ya lami tukisubiri kuvuka. Akainua macho, akasoma kwa sauti, akanigeukia.

"Mama mdogo, huyu Bibi Titi ni bibi wa nani?"

Kabla sijafungua kinywa, kijana mwenye ndoo ya maji ya kuuza akamjibu: "Mke wa rais wa zamani huyo." Wa bodaboda, aliyekuwa amejilaza juu ya pikipiki yake akingoja abiria, akacheka na kumsahihisha: "Acha uongo wewe. Alikuwa mwimbaji wa taarabu."

Nikacheka nao. Halafu nikakosa raha njia nzima mpaka nyumbani, maana yule wa bodaboda alikuwa ameukaribia ukweli kuliko alivyojua mwenyewe, na mimi nimeitembea barabara ile tangu nasoma sekondari, kutoka Mnazi Mmoja mpaka inapokutana na Ali Hassan Mwinyi, sijawahi kuona sentensi moja ambayo ingemsaidia amalizie.

Mwimbaji alikuwa kweli. Titi binti Mohamed alizaliwa hapahapa Dar es Salaam mwaka 1926, na shule yake iliishia darasa la nne. Kabla ya siasa, jina lake lilivuma kwenye ngoma: aliongoza uimbaji wa kikundi kilichoitwa Bomba. Na kikundi cha ngoma cha wanawake zama zile hakikuwa jambo la kupitisha jioni tu. Kilikuwa na viongozi wake, michango yake, sare zake, wapinzani wake, na habari ikitolewa kwenye kikundi asubuhi, kufika magharibi Kariakoo nzima inayo.

Mwaka 1955 alikuja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, kuja kuiona TANU, chama cha kudai uhuru ambacho hata mwaka kilikuwa hakijatimiza. Akauliza: wanawake wenu wako wapi? Ni swali dogo, lakini liliwakuta wazee wetu hawana jibu la kutoa. Hapo ndipo akatafutwa Titi. Yeye na mumewe walikwishachukua kadi. Ya kwake ilikuwa namba 16. Julai ya mwaka huohuo ukumbi wa Arnautoglu, ambao wenyewe tunauita Anatoglo, uliingiza wanawake wapatao 400. Ilipofika Oktoba, Oscar Kambona, katibu wa TANU, aliandika barua London akieleza kwamba mama huyu, ambaye kusoma kwake kulikuwa kwa taabu, amekwishaingiza wanachama wanawake 5,000.

Elfu tano, kwa miezi isiyozidi minne, bila simu mkononi wala gari la matangazo.

Alifanyaje? Aliwafuata viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja baada ya mwingine, nyumbani kwao. Ukimpata kiongozi umepata kikundi kizima, na sare zao juu. Walioitikia kwa wingi walikuwa wauza maandazi, wapika pombe, wanawake wenye chumba cha kupangisha na shilingi ya kwao wenyewe, ambao hawakuwa na mwajiri wa kumwogopa. Kumbukeni kwamba watumishi wa serikali walikuwa wamekatazwa kuingia TANU. Karani mwenye suti alibaki kuchungulia dirishani. Mama wa maandazi akaenda kulipa ada. Mimi habari hii ndiyo inayonipendeza kuliko zote za kudai uhuru, na ndiyo ambayo sikuwahi kuisikia darasani hata siku moja.

Sasa, waheshimiwa, itazameni barabara yenyewe ilipo.

Wajerumani, na Waingereza baada yao, waliupanga mji huu kwa rangi za watu. Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na Waafrika huku Kariakoo, mtaa uliobaki na jina la kambi ya wapagazi wa jeshi la Mwingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha uwanja mtupu, usijengwe. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa ya afya. Uwanja ule ndio Mnazi Mmoja. Leo tunaufanyia mikutano, maonyesho na mazoezi ya jogingi, na ndani yake umesimama mnara wa Mwenge wa Uhuru, lakini asili yake ni ukuta usiokuwa na matofali.

Na barabara tunayoizungumza inapita ubavuni mwa ukuta huo, upande wa mjini. Ukiwa na mgongo Kisutu, uso wako unaangalia Mtaa wa Lumumba, ambao zamani uliitwa New Street na ndiko ilikokuwa ofisi ya TANU, na nyuma yake Kariakoo. Mpishi, dobi, yaya, wote waliokuwa wakienda kuwatumikia watu wa pwani ya mji walikatiza hapo asubuhi, na jioni wakakatiza tena kurudi kwao. Anatoglo nayo iko hapohapo. Kwa hiyo mwanamke wa Uswahilini aliyekusanya wenzake katika ukumbi ule leo jina lake limewekwa juu ya mstari uliochorwa ili yeye na wenzake wabaki upande wao. Sijui kama waliokaa kikao cha kutoa jina walilifikiria hilo au lilitokea tu. Ikiwa walilifikiria, Mungu awape maisha marefu. Ila wametunyima raha ya kujua.

Tena kuna jambo zito zaidi la jina. Barabara hii haikuanza kuitwa Bibi Titi Mohamed. Iliitwa UWT. Waulizeni wenye umri wa mama yangu. Mama mpaka leo akinielekeza mahali husema "shukia UWT", na mara mbili nimempoteza dereva wa bajaji kwa sababu hiyo. UWT ni Umoja wa Wanawake, chombo kilichoundwa mwaka 1962 na ambacho mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa nani? Bibi Titi Mohamed.

Yaani kwa miaka, gari zilipita juu ya jina la chombo, na aliyekiongoza wa kwanza hatajwi. Na si kwamba alisahauliwa kwa bahati mbaya.

Hapa ndipo naomba tusiogopane. Mwaka 1965 alikosa kiti cha ubunge cha Rufiji. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha na miiko yake ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa kwenye makampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha, zilizokuwa tegemeo lake. Akajiuzulu nyadhifa zake. Oktoba 1969 akakamatwa. Mwaka 1970 akasimamishwa kizimbani kwa kosa la uhaini pamoja na wenzake sita, akiwemo Michael Kamaliza, aliyewahi kuwa waziri. Upande wa mashitaka ulidai palikuwa na njama ya kuipindua serikali, na aliyetajwa kuwa kiongozi wa njama hiyo alikuwa amekwishakimbilia London. Jina lake Oscar Kambona. Ndiyo, yuleyule wa barua ya wanachama 5,000. Bibi Titi alikana. Akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais Nyerere akamwachia kwa msamaha.

Sijaleta haya ili tuifungue kesi upya. Sina uwezo huo na wengi waliokuwamo hawapo. Nayaleta kwa sababu bila hayo hamuwezi kumweleza mtoto wa darasa la sita kwa nini barabara ya mwenyekiti wa kwanza wa UWT iliitwa UWT.

Mwaka 1991, nchi ilipotimiza miaka 30 ya uhuru, gazeti la chama lilimtaja Bibi Titi kuwa shujaa. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000. Jina lake nalo lilipanda kwenye nguzo, likakaa pale lilipokuwa jina la chombo chake. Serikali zetu hazina mazoea ya kusema "tulikukosea", wala hazina mazoea ya kusema "ulitukosea lakini yamekwisha". Hubadilisha kibao. Mwenye kuelewa ataelewa. Tatizo ni kwamba wenye kuelewa wanazikwa kila wiki, na waliobaki ni akina muuza maji.

Mji huu una tabia hiyo kila kona. Samora tunayopanga foleni benki zake iliitwa Unter den Akazien na Wajerumani, Waingereza wakaitafsiri ikawa Acacia Avenue, uhuru ukaja ikawa Independence Avenue, kisha ikachukua jina la Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji. Enzi nne katika barabara ambayo mtu anaimaliza kwa miguu huku anakula muhogo. Kichwele ikawa Uhuru. Kipata ikawa Kleist Sykes, jina la katibu wa kwanza wa African Association iliyoanzishwa mwaka 1929. Pugu Road ikawa Nyerere, na bado nina mjomba anayesema Pugu Road kama vile anafanya makusudi. Ocean Road ikawa Barack Obama mwaka 2013, kwa mgeni aliyelala hapa usiku mmoja, akasalimia, akaondoka. Sina ugomvi na Obama. Ila naona alivyopata barabara yake haraka, huku mama aliyezunguka nchi akihubiri uhuru ilibidi kwanza afungwe, aachiwe, azeeke.

Tena jaribuni kuhesabu barabara kubwa za jiji zenye majina ya wanawake. Nyerere, Mandela, Kawawa, Mwinyi, Sam Nujoma, Shekilango, Sokoine, Haile Selassie… Mimi nilipofika kwa wanawake nilitumia kidole kimoja.

Mtasema: mama, kila kibao kikiandikiwa historia, jiji litageuka daftari. Basi twendeni mtaa mmoja tu kutoka hapo. Kutoka Maktaba Kuu, fuateni Mtaa wa Maktaba kuelekea Azikiwe, dakika chache kwa miguu, mtafika kwenye sanamu ya Askari. Ni ya shaba, iliwekwa mwaka 1927, mahali ambapo kabla yake Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya Wissmann, gavana wao. Waingereza walipomweka askari wao, hawakuridhika na sanamu. Waliandika chini yake maelezo kwa Kiingereza, kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi, na kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, ili kila aliyekuwa anajua kusoma katika mji ule asome. Maneno ya Kiingereza waliyaagiza kwa Rudyard Kipling, mwandishi mwenye jina kubwa kuliko wote waliokuwa nao.

Nirudie, maana nataka iingie. Mkoloni, kwa ajili ya wapagazi na askari waliokufa katika vita vyake yeye, alijisumbua kuandika kwa Kiswahili, tena kwa hati mbili. Sisi, kwa Kiswahili chetu, katika mji wetu, kwa mama aliyeingiza wanawake 5,000 kwenye TANU, tumeandika maneno matatu. Na hata hayo matatu hatujaelewana. Nimeona Mohamed, nimeona Mohammed, nimeona Muhammad, na kwenye bahasha moja ya ofisi nimeona "B. Titi St." Mtu anafupishwa mpaka anabaki herufi.

Niwape na la kwangu, mnisamehe likiwa refu kidogo.

Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, lilipokuja zoezi la anwani za makazi, mimi nilifurahi. Nimeishi maisha yangu yote kwa kuelekezwa "ukifika kwenye mwembe uliza". Vijana walipita na simu zao nyumba kwa nyumba, wakabandika namba, kazi nzuri. Sasa uchochoro wetu tangu naolewa unaitwa Njia ya Kisimani. Kisima kilikuwapo, mfuniko wake wa zege bado uko mbele ya nyumba ya tatu, watoto wanaukalia wakicheza karata. Kikao cha kupendekeza majina kiliitishwa siku ya kazi saa tatu asubuhi. Waliokwenda walikuwa wachache wa kutosha kukaa kwenye benchi moja. Wiki chache baadaye nguzo ikachimbiwa, juu yake jina la kiongozi mmoja wa hapohapo, mtu aliyehamia kwetu hata miaka minne ilikuwa haijaisha. Simtaji, ni jirani, na chumvi tunaazimana.

Hakuna aliyegombana. Watu walikitazama kibao kama wanavyotazama tangazo la kampuni ya simu. Bodaboda wakaendelea kusema Kisimani, muuza mkaa akaendelea kusema Kisimani. Mzigo wangu kutoka Arusha, ulioandikwa jina jipya kama tulivyoagizwa, ulizunguka siku mbili ukapatikana mtaa wa pili. Halafu usiku mmoja watu wa vyuma chakavu wakaja na msumeno. Asubuhi tulikuta kipande cha nguzo kinachofika gotini. Mzee wa nyumba ya tatu akasema kisima kimejilipizia.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu kina mambo mawili ninayotaka myachukue. La kwanza, jina likitolewa bila sababu kusemwa hadharani, hata likiwa la mtu mwema, watu hawalibebi. Angalieni Bibi Titi mwenyewe. Konda anaita Mnazi Mmoja, anaita Akiba, anaita Maktaba. Sijapata kumsikia konda akiita "Bibi Titi hapo, tayarisha nauli". Jina linaishi kwenye bahasha na kwenye taarifa za habari. La pili ni la kifundi zaidi: chuma hakilali nje mji huu.

Basi maombi yangu.

Wekeni maelezo ya Bibi Titi mahali pawili: Mnazi Mmoja karibu na Anatoglo, na upande wa Maktaba Kuu wanakopita wanafunzi. Kwa zege na marumaru, herufi zichongwe, kimo cha kusomwa na mtoto. Nguzo wala shaba msiweke, kwa sababu niliyokwisha kuitaja. Wala sihitaji mnara wenye chemchemi na taa za rangi. Mafundi wa makaburi wa mji huu wanachonga marumaru vizuri tu, na kazi yao mnaiona kila mnapokwenda kuzika. Maneno yapitiwe na wanahistoria wa Chuo Kikuu, na familia yake, na UWT, kwa pamoja, ili pasiwe na atakayesema hakuulizwa.

Kwenye vibao vipya mtakavyoweka katikati ya jiji, andikeni jina la zamani kwa herufi ndogo chini ya jipya. Zamani UWT. Zamani New Street. Zamani Kichwele. Haigharimu nguzo ya ziada, na itamwokoa mama yangu na madereva wa bajaji.

Amueni pia herufi za jina lake, mara moja, kwa kikao, kisha TARURA na TANROADS wafuate hayohayo.

Na kila jina jipya linapopita kwenye mkutano wa mtaa, likaenda kata, likafika kwenye baraza lenu, muhtasari wake ubandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa: nani alipendekeza, kwa sababu gani, jina lipi linaondoka. Mkutano wenyewe uwe Jumapili jioni. Mwenye jina lake mwenyewe kwenye orodha atoke nje ya chumba wakati linajadiliwa. Hilo nadhani halihitaji sheria, linahitaji haya usoni.

Najua kuna atakayesema habari za kesi zisiandikwe, zitaharibu heshima ya mama. Nimelifikiria sana hilo, maana na mimi sipendi marehemu avuliwe nguo barabarani. Lakini kumwondolea kifungo chake ni kumwondolea nusu ya maisha yake. Watu wazima wa Temeke na Magomeni waliosikia hukumu ile kwenye redio wapo. Wajukuu zake wapo. Mkiandika kwamba aliasisi, akaongoza, akafariki, mmeandika maisha ya mtu mwingine ambaye hakupata kuwapo, na yule wa bodaboda ataendelea kuwa mjuzi kuliko marumaru ya Jiji.

Ili msiseme nimelalamika bila kuleta kazi, nimeandika mwenyewe maneno ya kuanzia. Nilimsomea mtoto wa dada yangu, akaelewa yote isipokuwa neno "uhaini", nikamweleza, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama gerezani alikuwa anaimba. Hilo sikuwa na jibu lake. Maneno ni haya:

*Barabara hii zamani iliitwa UWT. Sasa ni ya Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Alikuwa mwimbaji wa ngoma. Mwaka 1955 aliwakusanya wanawake wa mji huu kuingia TANU, katika ukumbi ulio hapa jirani. Kwa miezi michache walifika 5,000. Mwaka 1962 akawa mwenyekiti wa kwanza wa UWT. Mwaka 1969 alikamatwa, akashitakiwa kwa uhaini, akakana, akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 akaachiwa kwa msamaha wa Rais. Mwaka 1991 akatajwa kuwa shujaa wa uhuru. Alifariki mwaka 2000. Ulipo sasa, zamani palikuwa mpaka wa kutenga makazi ya Waafrika na mji.*

Mkiona ni marefu, kateni mnapotaka. Mwaka 1969 uacheni.

Wenu,
Mama mdogo wa yule mtoto wa darasa la sita,
mwanachama wa Maktaba Kuu.